Siku Niliyomfungulia Kuka Lango

Simiyu mwanangu,

Umeenda Naitiri kunyolewa, na ninavyomjua yule kinyozi wako, kabla hajashika mashine atapiga siasa nusu saa, kwa hiyo nina muda. Nimebandika maharagwe, nimewafungia kuku, na nimekaa kwenye kile kiti ambacho baba yako hapendi mtu mwingine akikalie. Tangu nilipoacha shule sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya michango ya harusi. Ukikuta maneno yamepandana, vumilia.

Mambo ya soksi, ya kulala mapema, ya kuchagua marafiki, sitayaandika. Unakwenda kukaa kwa senge yako Kitale, dada wa baba yako, naye atakuambia hayo yote bila kuombwa, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitano.

Siku ile Kuka, babu yako, alipopotea, hukuacha lango wazi. Ulilifunga vizuri. Mimi ndiye niliyelifungua, nikamwona akitoka, halafu nikanyamaza.

Nimeliandika. Nimeinuka nikaenda kukoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa, nimerudi, na bado liko hapo kwenye karatasi. Sasa nikueleze lote, maana nusu ya ukweli nimeila mpaka imenichosha.

Kilichonisukuma ni yale mahojiano ya chuo. Ulirudi kutoka Kitale mwezi uliopita, ukawa unamsimulia baba yako mezani. Ulisema yule mwalimu alikuuliza kwa nini kijana kama wewe anataka kusomea kutunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, nawe ukamjibu, "Nilimpoteza babu yangu siku moja." Uliyasema hayo huku unamega ugali, bila huzuni, kama mtu anayetaja shule aliyosoma. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mboga. Nililiweka mezani nikatoka nje, nikajifanya nafukuza mbwa. Hakukuwa na mbwa.

Kumbe ndivyo ulivyojiandika moyoni: mtu aliyempoteza babu yake. Na hapo nikaona wazi kile nilichokuwa nakihofia, kwamba huenda unakwenda Kitale kufanya toba ya dhambi isiyo yako, na kwamba kila mzee utakayemvalisha shati utakuwa unamwomba msamaha Kuka kwa kosa la mama yako. Ndiyo sababu nilikupinga muda wote ule tangu ulipotaja kazi hii. Ulidhani nakuonea haya kama wale wanaosema mwanamume hasomei kubadilisha wazee nguo. Wacha waseme, nao watazeeka. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine.

Ili unielewe, lazima nianzie mbali kidogo.

Mama yangu kule Bumula alinifundisha mambo mengi kabla sijaolewa, mengine nikayasahau njiani, lakini la baba mkwe lilikaa. Baba mkwe humshiki mkono. Hukai alipokaa, huli mbele yake, huingii anapolala, na ukikutana naye njiani unampisha na kuangalia chini. Nilikuja Naitiri nikiwa nimeyashika hayo kuliko nilivyoshika Amri Kumi.

Mwezi wa kwanza wa ndoa nilikuwa natoka mtoni na beseni la nguo kichwani, nikakutana na Kuka kwenye ile kona ya shamba la napia. Njia ilikuwa nyembamba. Nikaruka kwenye napia na beseni langu, na zile nyasi zikanimeza mpaka kiunoni. Kuka naye, kwa heshima zake, akageuka akarudi alikotoka, akazunguka kupitia shamba la watu. Tulichelewa sote wawili kwa ajili ya kupishana. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja, lakini kesho yake nilikuta amefyeka napia pale kwenye kona, na njia imekuwa pana ya kutosha watu wawili. Hakuwahi kuniambia karibu nyumbani kwa mdomo. Nilijua ameniambia siku hiyo.

Ndivyo tulivyopendana, mimi na mzee yule, miaka kumi na minane bila kugusana mikono.

Halafu akaanza kusahau. Wewe unakumbuka kofia ndani ya mtungi, na siku alipomwuliza baba yako ni mtoto wa nani. Wengine walisema ni uzee tu, wengine wakasema amerogwa na watu tunaogombania nao mpaka wa shamba, na sisi tukaita maombi mara tatu. Daktari kule Bungoma ndiye aliyetupa jina, dimenshia, akasema haina dawa ya kuiondoa ila kuna namna ya kuishi nayo. Namna yenyewe sikuisikia vizuri. Nilikuwa bado kwenye lile neno haina dawa.

Baba yako wakati huo alikuwa ananunua viazi Cheptais na kurudi nyumbani Jumamosi. Mimi sikuweza kumwogesha Kuka. Sikuweza kumfunga vifungo. Nilikuwa nampikia uji, nauweka kwenye kiti cha katikati, narudi nyuma hatua tano. Kazi ikakuangukia wewe mjukuu, maana mjukuu na babu yake hawana mipaka, wanataniana wanavyotaka. Ulikuwa kidato cha kwanza, sauti yako haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima.

Nilikuwa nawasikia nyuma ya ukuta wa bafu la mabati. Ulimwambia, "Kuka, leo unanuka kama beberu, hakuna msichana atakuangalia." Naye akacheka kile kicheko chake cha puani, akakujibu kwamba wasichana wa Kitale hawajali harufu, wanajali kazi. Alikuwa anakumbuka bohari la mahindi alikofanya kazi ya upimaji maisha yake yote, ambako aliweza kuuma punje moja na kusema kama gunia zima limekauka. Nilisimama pale na taulo mkononi, nikakuonea wivu. Mtoto wangu mwenyewe, nilikuonea wivu.

Kumbuka hilo, nitalirudia kidogo mbele. Ulimpenda kabla ya lango.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa wakati wa palizi, mvua ikishuka kila alasiri. Nilikutuma na debe la mahindi kwenye kisiagi. Ulimwacha Kuka amelala, ukafunga lango, nikasikia komeo likigonga. Nilisikia, Simiyu. Nilikuwa upande ule wa nyuma ya zizi, nachambua vitunguu vya kupeleka soko la Jumatatu.

Baadaye nikamwona anakuja. Amevaa koti, kofia imekaa sawa, kalamu iko mfukoni. Miezi mingi nilikuwa sijamwona amesimama wima namna ile. Akafika langoni, akahangaika na komeo, halafu akaniita.

"Mama Simiyu. Fungua hii lango. Nachelewa kazi, malori imefika."

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya ugonjwa. Nilisogea hadi langoni, nikaangalia chini kama nilivyozoea, nikamwambia, "Baba, kazi iliisha." Akaniuliza ni nani ameniambia. Akasema tena, "Fungua."

Mkono wake ulikuwa karibu nami kama kikombe kilivyo karibu na sahani. Ningemshika tu kiwiko. Mimi ninayebeba gunia la vitunguu peke yangu, nilishindwa kumshika mzee mwembamba aliyepungua mpaka koti linamning'inia. Mkono ulikataa. Nikafungua komeo, nikasogea pembeni, nikampisha. Alinishukuru. Akaniambia nimsalimie baba yako, akapita.

Nilijiambia atafika kwenye mikaratusi ageuke. Nilijiambia utakutana naye njiani ukitoka kisiagi. Nikarudi kwenye vitunguu. Na hapa kuna jambo ambalo hata baba yako sikumwambia mara ya kwanza, lakini wewe lazima nikuambie kwa sababu ya kazi unayokwendea. Nilipouona mgongo wake unakwenda, sehemu moja ya moyo wangu ilipumua. Nilikuwa nimechoka, Simiyu. Kwa dakika chache nyumba ilikuwa kimya, hakuna mtu wa kusikilizia nyayo zake, nami nikachambua vitunguu kwa raha. Kisha ngurumo ya kwanza ikapiga, nikakurupuka, nikakimbia hadi barabarani. Hakuwepo.

Uliporudi na unga umelowa, uliniuliza Kuka yuko wapi. Nikakujibu, "Si ulimwacha amelala?"

Neno lilitoka haraka kuliko mimi. Niliona lilivyokufikia usoni. Ningeweza kulirudisha wakati ule ule, ningekuwa nimekuumiza kwa dakika moja tu. Sikulirudisha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwa mbele ya watafutaji wote. Baba yako alikuja kutoka Cheptais usiku uo huo, vijana wakapekua mashamba na mitaro, kengele ya kanisa ikagongwa. Mpaka leo hatujui Kuka alilala wapi kwenye mvua ile, wala ni nani aliyempakia kwenye pikipiki sehemu ya njia. Kesho yake asubuhi simu ya baba yako ikalia, na ilikuwa Mama Njeri, yule wa ghala la mahindi, kutoka upande wa Kiminini.

Alijuaje nambari? Kwa sababu ulikuwa umeiandika kwa wino kwenye kitambaa, ukakishona ndani ya kola ya koti la Kuka, bila kutumwa na mtu. Mtoto wa miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa nafua koti hilo na nilidhani ni kiraka. Kwenye kile kikao cha familia kilichofuata watu walizungumza saa nzima kuhusu lango, na hakuna hata mmoja aliyetaja ile kola. Nilitakiwa kuitaja mimi.

Nakumbuka tulivyomkuta. Ghala lile dogo la mahindi, na Kuka amekaa juu ya gunia amejifunika blanketi la watu, miguu imevimba kama viazi vitamu, anauma punje moja moja na kutoa hukumu. Baba yako alianza kuomba radhi. Mama Njeri akamkatiza. Alisema babu zake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na mmoja wao alisahau hivyo hivyo, kwa hiyo yeye hakushangaa.

"Alisema yeye ni mpimaji, amekuja kazi," alituambia. "Sikubishana na yeye. Nikamwambia karibu kazini mzee, lakini hapa kwanza tunakunywa chai."

Kisha akaongeza kwamba Kuka amemwonyesha gunia la tatu lina unyevu, na alipolifungua akakuta ni kweli. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Niliona ulivyomtazama yule mama, mdomo wazi, na nilijua kuna kitu kimekuingia. Daktari alituambia kuna namna ya kuishi nayo. Namna yenyewe tulionyeshwa na mfanyabiashara wa mahindi ambaye hakusomea.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kikao, senge yako akaja kutoka Kitale akiwa amevimba kwa hasira, na sikumlaumu, alikuwa baba yake. Akasema mbele ya wote kwamba mtoto huyu alipewa kazi moja tu. Ulikaa umeinamisha kichwa, hukujitetea. Jioni ukanifuata jikoni, ukaniuliza taratibu, "Mama, kweli nilifunga lango?"

Nikakujibu, "Sijui, mwanangu. Nilikuwa shambani."

Kati ya yote, hilo ndilo ninaloomba msamaha kwanza. Kumfungulia Kuka kulikuwa udhaifu. Kunyamaza kikaoni kulikuwa woga. Lakini wewe ulinijia peke yako, jikoni, unataka tu kujua kama unaweza kuziamini kumbukumbu zako, na mimi ninayeona kila siku mzee anavyoteseka kwa kutoziamini zake, nikakunyang'anya zako.

Tangu siku hiyo unakagua kila komeo mara mbili, mara tatu. Uliniambia ulipohamia bwenini baadaye walikuita Soja, yaani mlinzi. Ulicheka ukinisimulia, nami nikacheka nawe, na usiku huo sikula.

Nilikuwa nikijitetea kwamba niliheshimu mila. Basi sikiliza mila yenyewe ilivyonifanya nionekane mjinga. Kuka aliporudi akiwa hawezi kutembea vizuri, nilikwenda kwa Kukhu Nanjala, yule mkongwe wa ukoo, nikamwuliza mwanamke afanye nini kama baba mkwe ni mgonjwa na hakuna mtu mwingine nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia njia ipo tangu zamani: mnabadilishana zawadi mbele ya mashahidi, mwiko unalegea, unamhudumia kama baba yako.

"Si ungeuliza?" akasema.

Nilinunua blanketi. Baba yako akashika kuku kwa niaba ya mzee. Ulikuwepo, ulikuwa mmoja wa mashahidi, ingawa ulisimama nyuma kabisa kama mtu asiyestahili kuwa pale. Nikampa Kuka mkono kwa mara ya kwanza. Ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni Mama Simiyu. Akafikiri, akasema, "Ah. Yule aliruka kwa napia." Watu walicheka, mimi nikalia, na kila mtu akadhani ni furaha tu.

Miezi yote ile mlango wa kumsaidia ulikuwepo, na mimi sikuuliza. Huko unakokwenda utakutana na wakwe na mabinti na wana waliokwama kwenye heshima, kwenye dini, kwenye aibu. Watasimama hatua tano nyuma ya mgonjwa wao kama nilivyosimama mimi. Usiwacheke. Waulize tu kama wameshauliza.

Na utakutana na wengine wenye macho ya mtu aliyepumua. Utawajua. Ni yule binti anayechelewa kurudi kutoka dukani, ni yule mke anayekuambia "bora Mungu amchukue" kisha anajifunika uso. Hawajaacha kupenda. Wamechoka, na hakuna aliyewaambia kwamba kuchoka kunaruhusiwa. Laiti mtu angeniambia mimi kabla ya siku ile, labda ningemwita jirani akae na mzee saa mbili nikapumzike, badala ya kupumzikia mgongo wake ukiondoka.

Kuna siku nawe utakosea. Sikuombei mabaya, lakini kazi ya watu haikosi siku hiyo. Utasahau mlango, utampa huyu kidonge cha yule, utapandisha sauti kwa bibi wa watu. Siku hiyo sema saa ile ile, kabla ya kunawa mikono. Kosa likitajwa asubuhi ni kosa. Likilala nyumbani miaka mitano linaanza kukutumia, linakuchagulia cha kusema na cha kunyamazia, mpaka unamkataza mtoto wako kazi anayoipenda bila kuweza kumwambia sababu.

Nilisema nitarudi kwenye lile jambo la bafu. Wiki hii nzima nimejiuliza: je, nikimwambia Simiyu ukweli, atakuwa na sababu ya kwenda tena? Nikawa nakumbuka. Nikakumbuka utani wenu wa beberu, ambao ulikuwepo kabla ya siku ya lango. Nikakumbuka ile kola. Nikakumbuka ulivyoweka gunia la mahindi kando ya ghala letu, Kuka alipoweza kusimama tena, ukamwambia kila asubuhi, "Karibu kazini, mzee," naye akapima mahindi yale yale mwaka mzima na miezi yake, kila siku akiyakuta mapya. Alifariki usingizini akiwa bado mfanyakazi. Mtu anayefanya toba tu hafanyi hivyo, hacheki vile. Kwa hiyo naamini unakwenda kwa sababu unaiweza kazi hii na unaipenda.

Lakini ni imani yangu, si yako. Jambo lile sasa limetoka begani kwako, kwa hiyo jiulize upya. Ukiona kwamba bila lile lango huna haja ya kwenda, kaa. Baba yako bado ana ile fomu ya chuo cha ualimu, ameificha chini ya Biblia akidhani sijaiona. Hakuna atakayekucheka. Na ukiona bado unataka, nenda ukiwa mwepesi, na siku wakikuuliza tena kwa nini, uwe na jibu lingine.

Baba yako nilimwambia Jumapili baada ya kanisa. Aliinuka, akaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, akarudi, akakaa. Akasema, "Mzee angeniambia fungua kwa ile sauti, hata mimi ningefungua. Lakini ningesema." Hakuongeza kitu. Jioni aliniletea maji ya kuoga, jambo ambalo hajalifanya tangu ulipozaliwa, na bado hajalitaja tena. Nadhani ana hasira na ana huruma, na vyote viwili havijakubaliana. Nitasubiri.

Senge yako nimempigia leo mchana. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Nilijua unakwenda kulala chini ya paa lake, kula chakula chake, na kila akikutazama anamwona mtoto aliyempoteza baba yake. Sikuweza kukutuma huko na mzigo huo. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, komeo, koti, vitunguu, yote. Nikamsikia anapenga kamasi. Akaniuliza kama baba yake alisema chochote alipokuwa anatoka, nikamwambia alishukuru, na alituma salamu. Akalia kidogo. Kisha akasema, "Mwambie mtoto akuje. Chumba yake iko tayari. Wewe ngoja kwanza."

Nimewahi kungoja mambo mabaya zaidi ya hayo. Nilikata simu nikakaa chini kwenye nyasi, na nikahisi njaa, njaa ya kweli, nikala viazi vitatu vya jana bila chumvi na vilikuwa vitamu. Sikujua kwamba miaka hii yote nilikuwa nakula bila kusikia ladha.

Nakusikia sasa kwa mbali, unasalimiana na watu barabarani, nadhani kichwa kinang'aa. Nilifikiri kuificha barua hii ndani ya begi uisome ukiwa Kitale, mbali nami. Wazazi wengi hufanya hivyo na nilishaitafutia mahali, katikati ya shati jeupe. Lakini hiyo ingekuwa njia nyingine ya kunyamaza. Nitakupa mkononi ukiingia, nami nitakuwa jikoni mpaka umalize kusoma. Ukitaka kukasirika, mwanangu, kasirika leo, nikiwa karibu.

Mama yako